UZI: Kutaja kazi ulizofanya unapoomba uraia wa Marekani, bila kupamba na bila kuficha

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Kwa miaka kadhaa sasa ninajitolea siku za Jumamosi kuwasaidia Waswahili wenzetu wa hapa Marekani, wengi wao wakiwa wametokea Kongo kupitia kambi za Tanzania na Kenya, kujaza Fomu N-400, ambayo ndiyo fomu ya kuomba uraia. Mimi si wakili. Natafsiri, naandika ninachoambiwa, kisha nasaini mahali panapomhusu mkalimani, kwa sababu fomu hiyo inamtaka hata mkalimani athibitishe kwa saini yake kwamba alichotafsiri ni sahihi. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya sehemu moja tu ya fomu, ile ya kazi na masomo, ambayo katika toleo la Aprili 2024 ni sehemu ya 7.

Watu wetu huiogopa mitihani. Wanakariri majina ya marais, idadi ya maseneta na maana ya nyota na mistari ya bendera, lakini wakifika sehemu ya kazi wanaijaza kwa dakika tano kana kwamba wanaandika wasifu wa kuombea ajira. Hapo ndipo nimeona watu wakijitafutia matatizo ambayo hayakuwa na sababu ya kuwepo.

Mwaka uliopita nilikaa na mzee mmoja jikoni kwake. Alikuwa amehifadhi karatasi zake zote ndani ya boksi la viatu: karatasi za mshahara, barua za shule za wajukuu, risiti za dawa, vyote pamoja. Nilipomuuliza kazi zake za miaka mitano iliyopita akanijibu bila kusita, "Andika mwalimu." Ni kweli alikuwa mwalimu, alifundisha Uvira, Kongo, na baadaye akafundisha tena katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Lakini katika miaka mitano hiyo hakuwahi kushika chaki hata siku moja. Alikuwa akining'iniza kuku hai kwenye mnyororo wa kiwandani, kazi ya usiku, kisha akafua mashuka ya hoteli. Nilipomweleza kwamba fomu inataka kazi hizo, alinyamaza kitambo. Akatoa karatasi moja ya mshahara wa kiwanda cha kuku, akainyoosha juu ya meza kwa kidole gumba mpaka mikunjo ikalala, akanisogezea. Ndivyo alivyokubali.

Nasimulia hili kwa sababu chanzo cha makosa mengi niliyoyaona ni aibu kuliko nia ya kudanganya. Mtu aliyekuwa muuguzi, karani au mkuu wa shule kwao hapendi kuandika kwamba huku anasafisha vyoo vya uwanja wa ndege. Nawaomba mlielewe hili: afisa wa uhamiaji hapimi hadhi ya kazi yako. Anachotazama ni kama maelezo yako ya leo yanalingana na ritani zako za kodi, na anwani ulizotaja, na yale uliyowahi kuiambia serikali hiyohiyo miaka iliyopita.

Sasa tuseme fomu inataka nini hasa. Inataka miaka mitano iliyopita, ukianza na kazi ya sasa na kurudi nyuma, kazi za kutwa na za muda mfupi, pamoja na masomo. Kwa kila kazi unaandika jina la mwajiri, mji, jimbo, nchi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na aina ya kazi. Ulipojiajiri unaandika kwamba ulijiajiri. Ulipokaa bila kazi unaandika hivyo pia, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanaona miezi minne bila kazi ni doa, basi wanaivuta tarehe ya kazi ya kwanza mpaka ikutane na ya pili. Yule mzee alikuwa na miezi minne ya namna hiyo, alipokuwa akimuuguza mkewe. Tuliiandika kama ilivyokuwa. Kukaa bila kazi si kosa la uhamiaji, lakini tarehe ya uongo iliyoandikwa juu ya fomu ya kiapo inaweza kuwa kosa.

Jambo dogo lakini linasumbua mno: tarehe za Marekani huanza na mwezi. Sisi tumezoea siku kwanza. Ukiandika 03/07 ukimaanisha tarehe 3 Julai, wao wanasoma tarehe 7 Machi, na ghafla una kazi mbili za kutwa kwa wakati mmoja au pengo usilolijua.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

---

Mama wa Wawili

Asante sana kaka kwa uzi huu, Mungu akubariki. Mimi nina maswali mawili. La kwanza, nilifanya kazi kwenye ghala la kampuni kubwa kwa miaka miwili lakini aliyekuwa akinilipa ni wakala wa ajira. Niandike nani? La pili, ninasuka nywele nyumbani mwishoni mwa juma, wateja wananilipa taslimu. Je, hiyo nayo ni kazi ya kuandika? Shemeji yangu ameniambia niache kabisa kuitaja.

---

Mwanzisha uzi

Dada yangu, kuhusu wakala, chukua fomu yako ya W-2 ya mwaka husika, ile karatasi ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri kila mwaka, uangalie jina la mwajiri lililochapishwa. Huyo aliyekukata kodi ndiye mwajiri wako kwa karatasi, basi andika jina lake, na kwenye aina ya kazi eleza kwamba ulikuwa mfanyakazi wa ghala. Afisa akikuuliza ulikuwa ukifanyia wapi, mtajie ghala lenyewe. Nimewahi kuona mtu aliyeandika jina la kampuni kubwa kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye fulana yake ya kazi, kisha kodi zake zote zikaonyesha jina asilolikumbuka kabisa. Alilazimika kutoa maelezo marefu kwa jambo ambalo lingemalizwa na mstari mmoja.

Kuhusu kusuka, simkosei heshima shemeji yako, lakini sikubaliani naye. Kusuka kwa malipo ni kujiajiri. Sheria ya kodi ya Marekani inasema mtu aliyejiajiri akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka anapaswa kujaza ritani na kulipa kodi ya kujiajiri. Kwa hiyo hofu ya shemeji ninaielewa: ukiitaja kazi, utaulizwa kodi yake. Lakini dawa ya hilo ni kuitengeneza kodi. Nenda kwa mtaalamu wa kodi, rekebisha ritani za miaka iliyopita, na kama deni ni kubwa omba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Mtu mwenye deni aliyeingia makubaliano na anayelipa, akafika kwenye usaili, yaani mahojiano na afisa wa uhamiaji, na barua ya makubaliano na risiti zake, yuko mahali tofauti kabisa na mtu aliyesema hana kipato kingine huku ukurasa wake wa mtandaoni umejaa picha za misuko na bei zake.

Na kama umesahau tarehe zako, zipo njia za kuzipata. Mamlaka ya kodi, IRS, inatoa bure nakala ya taarifa za mishahara iliyoripotiwa kwa jina lako kwa miaka ya nyuma. Idara ya Hifadhi ya Jamii nayo ina akaunti ya mtandaoni inayoonyesha kipato chako mwaka kwa mwaka, na ukitaka majina ya waajiri unajaza fomu yao ya SSA-7050 na kulipa ada. Mimi huwashauri watu wapate karatasi hizo kabla hawajaigusa N-400. Kumbukumbu ya mtu aliyebadilisha kazi sita ndani ya miaka mitano, akihama miji miwili, haiwezi kushindana na karatasi.

---

Kijana wa Mafinga

Mkuu, shikamoo. Mimi nilitokea Tanzania kwa bahati nasibu ya viza. Baada ya kidato cha sita nilipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kule Mafinga, miezi mitatu. Sikulipwa mshahara, sikuwa askari. Je, hiyo inaingia kwenye historia ya kazi? Imeshapita zaidi ya miaka mitano. Rafiki zangu wote wameandika hapana.

---

Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na nitalijibu kwa urefu.

Kwenye sehemu ya kazi ya miaka mitano, JKT ya zamani haiingii. Lakini mbele kidogo fomu ina maswali mengine ambayo hayana kikomo cha miaka. Yanauliza kama umewahi, wakati wowote wa maisha yako, kutumikia jeshi, polisi, kikundi cha mgambo au cha kujilinda, kundi la waasi. Kama umewahi kufanya kazi katika gereza au kambi ya wafungwa. Na kama umewahi kupata mafunzo ya silaha au ya kijeshi. JKT hufundisha kwata na kutumia silaha. Basi swali la mafunzo linakuhusu, na jibu lake ni ndiyo. Unaambatanisha maelezo mafupi: ilikuwa programu ya taifa kwa wahitimu wa kidato cha sita, ulikuwa kambi gani, kuanzia lini hadi lini, ulifundishwa nini, na kwamba hukushiriki mapigano yoyote. Kujibu ndiyo hakukunyimi uraia. Wapo waliojibu hivyo wakaapishwa bila tatizo.

Kwa ndugu zetu wa Kongo jambo hili ni zito zaidi, na naomba nilisemee kwa upole. Wapo waliochukuliwa na vikundi vyenye silaha wakiwa watoto tangu vita vya 1996 na vile vilivyoanza 1998, waliobebeshwa mizigo kwa nguvu, waliopikia askari kwa sababu kukataa ilikuwa kufa. Mtu kama huyo asijaze maswali hayo na mimi wala na jirani yake. Amwone wakili wa uhamiaji, au mwakilishi wa shirika la kijamii aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kusaidia mambo ya uhamiaji, wengi wao hutoza ada ndogo. Kulazimishwa kuna uzito wake katika maelezo, lakini kunahitaji kuelezwa na mtu anayejua sheria.

Na msidhani mambo ya kazi za zamani husahaulika. Feodor Fedorenko aliomba viza ya Marekani mwaka 1949. Alisema alikuwa mkulima huko Sarny, Poland, tangu 1937 hadi Machi 1942, kisha mfanyakazi wa kiwanda mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Kwa kweli alikuwa mlinzi katika Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi. Aliishi Marekani kimya, akifanya kazi kiwandani, akapewa uraia mwaka 1970. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua anyang'anywe, zaidi ya miaka 30 tangu alipoandika ile kazi ya ukulima kwenye karatasi. Simfananishi mtu yeyote wa hapa na mlinzi wa Treblinka. Ninachotaka mkione ni kwamba kesi ilijengwa juu ya majibu ya swali lilelile tunaloliona dogo: ulikuwa ukifanya kazi gani, na wapi.

---

Nauliza Tu

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini mbona unawatia watu hofu? Nawafahamu watu wasiopungua kumi walioruka kazi kadhaa, tena wengine waliwahi kufanya kazi kabla ya kuwa na kibali, na wote leo ni raia na wana pasipoti. Fomu yenyewe ni dola 760 kwa karatasi, 710 mtandaoni, na ada hairudishwi. Mtu akieleza kila kitu akakataliwa, nani atamrudishia?

---

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na ninafurahi umeliuliza waziwazi, maana wengi wanalo moyoni.

Kwanza tutenganishe kusahau na kudanganya. Sheria ya uhamiaji inamhesabu mtu kuwa hana tabia njema, ambayo ni sharti la uraia, ikiwa ametoa ushahidi wa uongo kwa kinywa chake, akiwa chini ya kiapo, kwa nia ya kupata faida ya uhamiaji. Mwaka 1988, katika kesi ya Kungys, Mahakama Kuu ilieleza kwamba kwa kifungu hicho hata uongo juu ya jambo dogo unatosha, lakini lazima nia ya kudanganya ili upate faida iwepo. Mtu aliyesahau kazi ya wiki tatu ya kufunga maboksi wakati wa Krismasi hana nia hiyo. Yule aliyeikumbuka vizuri, akaulizwa akiwa ameinua mkono wa kulia, akakana kwa kuogopa isimharibie, anayo.

Pili, kuna kesi ya Maslenjak ya mwaka 2017, ambayo watu huitaja nusu nusu. Mwanamke huyu alitokea Bosnia kama mkimbizi, akapata uraia mwaka 2007. Aliwaambia maafisa kwamba mumewe alijificha ili asiingizwe jeshini, kumbe mumewe alikuwa amelitumikia jeshi la Waserbia wa Bosnia. Mahakama Kuu ilisema katika kesi ya jinai ya aina hiyo serikali haiwezi kumfutia mtu uraia kwa uongo wowote tu. Lazima ithibitishe kwamba uongo ulichangia kupatikana kwa uraia. Hiyo ni kinga ya kweli na tushukuru ipo. Lakini uongo kuhusu kazi mara nyingi unaangukia upande mbaya wa mstari huo, kwa sababu kazi ndiyo inayoonyesha kama ulikuwa na kibali, kama ulilipa kodi, na kama ulijifanya raia.

Tatu, hao kumi unaowafahamu. Kesi ya madai ya kufuta uraia haina ukomo wa muda. Siwaombei mabaya, na pengine hawatasumbuliwa kamwe. Ila mimi siwezi kukaa mezani na mama wa watu nikamwambia aape juu ya jambo ambalo linaweza kumrudia akiwa na miaka 70.

Kuhusu kufanya kazi kabla ya kibali, inategemea ulipataje ukaazi wa kudumu. Aliyepata kadi yake hapa Marekani kupitia ndoa na raia, sheria kwa kawaida haimfungii mlango kwa sababu tu alifanya kazi bila kibali. Aliyeipata kupitia mwajiri ana hesabu nyingine kabisa. Sasa fikiria mtu wa ndoa ambaye kazi yake ya bila kibali isingemdhuru, halafu akaikana chini ya kiapo. Amejitengenezea kosa mahali ambapo halikuwepo. Jambo hilo linanisikitisha kuliko mengine yote.

---

Mgeni wa Texas

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilikuja kwa viza ya mwanafunzi. Mambo yalipokuwa magumu nilifanya kazi kwa karatasi za mtu mwingine karibu mwaka mzima. Siku ya kuajiriwa nilipewa fomu nikaweka alama mahali, sikuelewa vizuri, nadhani ilikuwa kwenye kiboksi cha raia. Sasa nina ukaazi kupitia mke wangu na muda wa kuomba uraia umefika. Nifanyeje?

---

Mwanzisha uzi

Ndugu, nakuomba kwa dhati usiitume fomu, na usieleze zaidi hapa hadharani.

Fomu unayoisema ni I-9, ambayo kila mwajiri wa Marekani lazima amjazishe mfanyakazi mpya. Kujitangaza kuwa raia wa Marekani wakati si raia, kuanzia tarehe 30 Septemba 1996, ni miongoni mwa makosa mazito kabisa ya uhamiaji, na linaweza kumfanya hata mwenye ukaazi wa kudumu apelekwe mbele ya jaji wa uhamiaji. Fomu ya zamani ilikuwa na kiboksi kimoja kilichochanganya raia na yule anayeitwa kwa Kiingereza "national", yaani mtu aliye chini ya Marekani bila kuwa raia wake, na toleo ulilosaini linaweza kuwa na maana kubwa kisheria. Ndiyo maana nakwambia hili ni la wakili. Mlipe kwa saa moja ya ushauri kabla ya kulipa ada ya serikali.

Unaweza pia kuomba nakala ya jalada lako lote la uhamiaji, lile lenye namba inayoanza na herufi A, kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa. Ombi hufanyika mtandaoni. Ndani yake utakuta uliyoyasema ulipoomba ukaazi, ikiwemo historia ya kazi uliyoandika wakati huo. Afisa atakuwa nalo mbele yake siku ya usaili. Ni vizuri na wakili wako awe amelisoma.

---

Mama wa Wawili

Kaka, nimerudi. Nimepata karatasi za IRS na nimekuta waajiri watatu, mmoja nilikuwa nimemsahau kabisa. Kuhusu nywele, nimeshaonana na mtu wa kodi. Swali la mwisho: nimeshatuma fomu mwezi uliopita bila huyo mwajiri wa tatu. Je, nimeharibu?

---

Mwanzisha uzi

Hapana dada, hujaharibu. Kwenye usaili afisa atakuapisha, kisha atapitia fomu nawe. Mwambie mapema, kabla hajakuuliza: kuna kazi niliisahau, na pia ninasuka nywele nyumbani, hizi hapa tarehe na ritani zilizorekebishwa. Ataingiza masahihisho kwenye fomu na mwishoni utasaini kwamba ni sahihi. Kurekebisha kwa hiari yako mwanzoni huhesabiwa tofauti na kukiri baada ya kubanwa.

Andika masahihisho hayo kwenye karatasi moja safi: jina la mwajiri, mji, mwezi, siku, mwaka, kazi uliyofanya. Chapa nakala mbili, moja ya afisa na moja yako. Na kama mama yako mzee ataomba pia, na umri na miaka yake ya ukaazi vinamruhusu kufanya usaili kwa Kiswahili akiwa na mkalimani, mweleze mkalimani huyo mapema kwamba kazi yake ni kutafsiri tu. Nimeshuhudia mtoto akijibu kwa niaba ya baba yake, "Hakufanya kazi," wakati mzee mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema kwa Kiswahili kwamba alilinda ghala usiku kwa miezi saba. Afisa alisimamisha usaili na kuomba mkalimani mwingine, na mzee akapangiwa tarehe mpya baada ya miezi mitatu.